Mlinda Lango wa Pili

Katika kila timu ya mpira kuna mlinda lango wa pili. Mshambuliaji wa akiba huweza kutumaini kwamba ataingizwa dakika za mwisho. Huyu hana tumaini hilo. Lango ni moja, na mwenye kulishika hatoki kwa urahisi mpaka aumie au afukuzwe na refa. Basi mwaka mzima huyu wa pili huruka na kuanguka mavumbini sawasawa na mwenzake, na siku ya mchezo huketi akitazama.

Twayanena haya kwa kuwa Kigoma yetu imemzaa mtu aliyeyaonja yote mawili. Mwaka 2003 Juma Kaseja, kijana asiyetimiza miaka ishirini, alilinda lango la Simba mjini Cairo siku walipowatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Akawa na jina kubwa. Mwaka 2013 Simba waliachana naye, akaenda Yanga; Desemba ile ile Simba wakaifunga Yanga mabao 3 kwa 1, lawama zikamwangukia yeye, na lango akapewa Deogratius Munishi. (Mwenye kumzomea mtu kwa kosa la dakika moja na ajiulize kama angependa kazi yake mwenyewe itazamwe na uwanja mzima.) Baadaye akawa mtu wa kuhamahama: Mbeya City, Kagera Sugar, KMC. Wengi walidhani habari zake zimekwisha.

Julai 2019 Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyekuwa ameifundisha KMC, alikabidhiwa Taifa Stars, akamwita Kaseja, mwenye miaka 34. Tarehe 4 Agosti, jijini Nairobi, baada ya sare mbili bila bao, Kenya ilitolewa kwa penalti 4 kwa 1. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Burundi, jirani zetu wa ziwa hili. Bujumbura bao 1 kwa 1, Dar es Salaam vile vile. Zikaja penalti, na Warundi hawakupata hata moja.

Watu walisema ni bahati. Sisi hatukubali. Mikono ile haikufunzwa Nairobi, bali katika asubuhi nyingi za mazoezi ambazo hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Wavuvi wetu wa Kibirizi na Katonga walijua neno hili zamani: mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, nao hubaki pwani wakishona nyavu. Giza likirudi, mwenye wavu uliotoboka atalaumu ziwa bure.

Wako miongoni mwetu wengi wa namna hii: katekista msaidizi, nahodha wa pili wa mtumbwi, binti anayemwuguza mzazi wakati ndugu zake wanasifiwa mjini. Twawakumbusha habari za Yosefu Barsaba katika Matendo ya Mitume. Palipotafutwa wa kushika nafasi ya Yuda, waliwekwa mbele watu wawili, kura ikamwangukia Mathia. Barsaba hatajwi tena. Lakini aliwekwa mbele kwa sababu alikuwa ameandamana na Bwana tangu ubatizo wa Yohane, miaka ile yote ambayo hakuna Injili hata moja iliyoandika jina lake.