Jicho, Mkono na Koo: Msitu wa Umma ni wa Nani?

Mji wa Morogoro una lakabu mashuhuri: mji kasoro bahari. Waliouita hivyo walikusudia kwamba mji ule una kila pambo, ila maji ya chumvi tu. Msafiri anayeshuka Msamvu, penye kituo kikuu cha mabasi, ambapo njia itokayo Dar es Salaam hugawika, mmoja ukienda Dodoma na mwingine Iringa, akiinua uso kuelekea kusini huiona milima ya Uluguru imeusimamia mji kama ukuta. Aghalabu kilele cha Bondwa huwa kimejitanda wingu.

Wingu hilo ndilo linaloisahihisha lakabu. Bahari ipo Morogoro, ila imekuja kwa sura nyingine. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huuchukua mvuke hadi kwenye milima hiyo, na huko hupanda, hupoa na kuanguka kuwa mvua. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu huipokea mvua hiyo kwa majani, kwa kuvumwani na kwa udongo mweusi ulio laini kama sifongo, kisha huiachia kidogo kidogo. Maji hayo huingia katika Mgeta na Ngerengere na vijito vingine vingi, vikakutana katika mto Ruvu, nao Ruvu ukaingia baharini karibu na Bagamoyo. Njiani maji huchotwa na kusafishwa, na sehemu kubwa ya jiji la Dar es Salaam huyanywa. Basi mtu wa pwani anapofungua bomba lake hunywa bahari iliyokwea mlimani ikarudi, baada ya msitu kuitunza.

Msitu wenyewe, kwa mujibu wa sheria, ni wa umma. Wajerumani waliutenga mwaka 1909. Mwaka 2008 Serikali ya Tanzania iliunganisha misitu ya kaskazini, ya kusini na wa Bunduki, ikaifanya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye hekta zaidi ya 24,000, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mgeni hulipa kiingilio, akapewa kiongozi, akapanda kwa njia ya Morningside au nyingineyo kwenda kuona. Vya kuona si haba: humo yumo ndege mmoja, Malaconotus alius, ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani.

Swali ni hili: kitu kikiwa cha umma, huwa ni cha nani? Hapa lugha yenyewe inatoa mwanga. Kiswahili kina umma na kina umati. Umati ni wingi wa watu waliokusanyika mahali pamoja, na kila mmoja ana lake. Umma ni watu waliofungamana kwa haki na wajibu, hata kama hawajawahi kuonana. Mali ya umati ni mali isiyo na mwenyewe, awahiye huchukua. Mali ya umma ina wenyewe wengi, na kila mmoja anadaiwa na wenzake. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Tofauti ya umma na umati ni hilo daftari.

Katika daftari la Uluguru kuna watu wa namna tatu. Yupo mwenye jicho: mgeni apandaye kutazama, akashuka jioni. Yupo mwenye mkono: Mluguru aliyezaliwa chini ya msitu, ambaye kuni, dawa, nguzo na shamba lake vimetoka huko tangu enzi za mababu. Na yupo mwenye koo: mtu wa mjini na wa pwani, ambaye hajawahi kukanyaga mlima, lakini hunywa kutoka kwake kila siku. Wote watatu huitwa umma. Mizigo yao, hata hivyo, hailingani.

Mambo haya si ya Uluguru peke yake. Katika Uingereza ya kale, neno lililokuwa likiitwa msitu halikuhusu miti hasa, bali ardhi aliyojitengea mfalme kuwinda. Mwaka 1217, mfalme Henry III akiwa bado mtoto, ilitolewa Hati ya Misitu. Hati hiyo ilifuta adhabu ya kuuawa au kukatwa kiungo kwa aliyemwinda mnyama wa mfalme, na ikawarudishia watu huru haki kama ile ya kulisha nguruwe wao msituni. Hiyo ilikuwa haki ya mkono. Mwaka 1878 ikaja sheria ya msitu wa Epping, ulio kando ya London, ikauweka chini ya Jiji la London ili wananchi watembee na kuburudika. Hiyo ilikuwa haki ya jicho, na ilipoingia, ya mkono ilitoka. Wakazi wa Loughton waliokuwa na desturi ya kukata matawi kwa kuni za majira ya baridi walikatazwa. Lakini hawakukatazwa bure. Walilipwa fidia, na kwa sehemu ya fedha hiyo ukajengwa ukumbi wa watu wote, uliofunguliwa mwaka 1884 na kuitwa Lopping Hall, yaani ukumbi wa kukata matawi. Jina la haki iliyofutwa liliandikwa juu ya mlango, ili asiyejua aulize.

Uluguru mkono ulikatazwa kwa namna nyingine. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na ardhi yao ilikuwa ya ukoo. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake pa matambiko, mara nyingi penye miti mikubwa isiyoguswa, pasipohitaji bwana misitu wala bunduki. Mpaka wa mwaka 1909 uliwekwa pasipo kuwauliza. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, utawala wa Mwingereza uliona udongo wa milima unaporomoka, ukawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na hoja. Lakini matuta yalihitaji nguvu nyingi, na mahali pengi yalileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ule ukaachwa. Walioamrishwa kuutunza mlima kwa faida ya wengine, bila ya kusikilizwa, waliuona utunzaji wenyewe kuwa ni dhuluma. Hilo ni jeraha ambalo mtu yeyote anayewahubiria watu wa Uluguru habari za uhifadhi hana budi kulikumbuka.

Pana watakaosema: la muhimu ni msitu usimame, na anayeukata auzuiliwe, awe nani. Hoja hiyo ina uzito. Mti ulioanguka hauulizi kama shoka lilikuwa la maskini au la tajiri. Mwishoni mwa mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya Ruvu, Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu, na jiji zima likaukumbuka mto. Ukame hauletwi na shoka peke yake, lakini mlima uliovuliwa miti hutoa maji yote siku ya mvua na hauna akiba siku ya jua. Kwa hiyo katazo lina sababu yake. Lisilokuwa na sababu ni kwamba gharama ya katazo imlemee mmoja na faida yake wanywe wengine. Mama anayeteremka alfajiri kutoka mlimani na tenga la ndizi au mboga kichwani, akaingia sokoni Morogoro, haruhusiwi kulisogeza shamba lake hatua moja juu ya mpaka. Kwa kuacha kwake kulima hatua hiyo, mtu asiyemjua anapata maji Kariakoo. Huyo mama analipa kodi isiyoandikwa popote.

Na yule mgeni mwenye jicho? Wako wanaomdharau, wakamwita mtalii wa siku moja, aliyekuja kupiga picha akaondoka. Dharau hiyo haina haki. Mtu hawezi kulipa deni asilolijua, na kupanda msituni ni njia mojawapo ya kumjua anayekudai. Tangu mwaka 2024 treni mpya humfikisha mtu wa Dar es Salaam Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Akipanda, akausikia ukimya wa mti uliojaa maji, akaona kijito chembamba kama uzi kikianza safari ya kwenda jikoni kwake, hataweza tena kusema kuwa maji hutoka bombani. Umati huanza kuwa umma hapo, katika kujua. Uingereza mwaka 2011, serikali ilipokusudia kuuza misitu ya umma, watu zaidi ya nusu milioni walitia sahihi kupinga, na mpango ukafutwa mwezi wa Februari. Wengi wao hawakuwa na haki ya kuni humo. Walikuwa watu wa kutembea tu. Jicho lililozoea kuona liliweza kutetea.

Lakini kujua hakutoshi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inaufaa msitu kwa namna ya ajabu, kwa kuwa jembe ndicho chombo kisichotakiwa humo. Jembe la mgeni wa msitu, basi, ni lipi? Haliwezi kuwa kiingilio alicholipa mlangoni, maana hicho ni ada ya kuingia tu, mfano wa nauli. Kaya Kinondo, katika pwani ya Kenya, mgeni hujifunga nguo nyeusi na huingia kwa idhini ya wazee. Huko anafundishwa kwamba msitu una wenyewe kabla hajafundishwa majina ya miti. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka ule ule wa 2008. Unguja nako, msitu wa Jozani, uliofanywa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, una kima punju wanaokula mazao ya wakulima jirani. Sehemu ya viingilio hurudi katika vijiji vile. Kiasi chake chaweza kubishaniwa, na hubishaniwa, ila msingi wake ni sahihi: anayefurahi humlipa anayevumilia.

Msingi huo ukifuatwa hadi mwisho, jembe zito zaidi halimstahili jicho, linalistahili koo. Mwenye jicho hulipa walau mara moja. Mwenye koo hunywa kila siku na hulipia bomba, dawa ya maji na mashine, lakini mlima haumo katika hesabu yake, wala wale walioacha shoka ili yeye anywe. Haki ingetaka kila ndoo ichotwayo Ruvu iwe na sehemu, hata ikiwa ndogo, inayopanda tena mlimani kwa njia ya shule, ya zahanati, ya barabara na ya mbegu, na wenye mkono wakawa wa kwanza kuulizwa itumikeje, si wa mwisho kuarifiwa.

Pale Msamvu mabasi huja na kuondoka usiku na mchana, na abiria wengi huupita mlima wakiwa wamelala. Kila mmoja wao ana chupa ya maji mkononi. Hapana kosa katika kulala, wala katika kunywa. Kosa ni kuamini kwamba kitu cha wote hakina anayekilipia.