Siku za Kupona Ni za Nani?

Katika nchi yetu ni desturi njema ya siku nyingi ya kwamba mtu akipatwa na maradhi makubwa hawi peke yake. Ukoo hukutana, majirani huitwa, daftari hufunguliwa, na kila mmoja huandikisha jina lake na kiasi atakachotoa. Mgonjwa akiwa hana budi kupelekwa ng'ambo, na hasa India, ambako wengi wa Afrika ya Mashariki wamekwenda kupasuliwa, kikao hicho huketi mara kwa mara mpaka hesabu itimie. Twawasifu wote wafanyao hivyo. Lakini leo twapenda kuuliza swali moja juu ya hesabu yenyewe, maana twaona mna kosa ndani yake, na kosa hilo huwaumiza watu.

Litazame daftari. Utaona nauli ya ndege, ya mgonjwa na ya ndugu amsindikizaye. Utaona viza. Utaona gharama ya upasuaji kama hospitali ilivyoiandika, na fedha kidogo ya chakula. Kisha mstari hupigwa na jumla huandikwa. Siku za kulala kitandani baada ya kupasuliwa, siku za kukaa karibu na mganga kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege, siku za kukaa nyumbani pasipo kushika jembe wala kwenda kazini, hizo hazimo. Hudhaniwa kwamba zitajitafutia riziki zenyewe. Swali letu basi ni hili: siku za kupona ni za nani? Nani azitoe, na nani azilipie?

Kwanza yafaa tujue mwili wenyewe wadai nini. Tumtwae kijana mmoja kuwa mfano. Si mtu fulani tumjuaye, lakini walio kama yeye ni wengi. Alipokuwa mtoto aliugua koo mara kwa mara, ikafuata homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali za moyo wake, yaani vile vilango vidogo viruhusuvyo damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Maradhi haya yangali mengi katika nchi zetu, na huwapata hasa walio vijana. Sasa kijana huyu anakwenda kuwekewa vali iliyotengenezwa kwa mkono wa binadamu. Mganga hupasua mfupa wa kifua katikati, hufanya kazi yake, kisha huufunga mfupa kwa nyaya. Kazi hiyo ni ya saa chache. Lakini mfupa hauungani kwa saa chache. Huchukua majuma 6 hadi 12, na muda huo wote haifai mtu kuinua kitu kizito, hata ndoo ya maji.

Tena mwenye vali ya namna hiyo hana budi kumeza dawa iitwayo warfarini maisha yake yote, ili damu isigande. Dawa hiyo ikizidi, mtu hutokwa na damu. Ikipungua, pande la damu laweza kufanyika juu ya vali na kwenda mpaka kwenye ubongo. Kiasi kimfaacho kila mtu hutafutwa kwa kupima damu mara kwa mara katika majuma ya kwanza. Hata mboga za majani, kama mchicha na kisamvu, zikiliwa nyingi leo na kuachwa kabisa kesho, hubadili nguvu ya dawa. Aondokaye kabla kiasi chake hakijapatikana, na kurudi mahali asipoweza kupimwa damu, amebeba ndani ya mfuko wake dawa ya uzima iwezayo kugeuka kuwa hatari.

Liko na jambo la ndege. Ndege ikiwa juu sana, hewa iliyomo ndani yake huwa nyepesi, mpaka kuwa kama hewa ya mlima wenye kimo cha mita 2,400 hivi. Gesi yo yote iliyobaki mwilini hutanuka kwa kadiri ya theluthi. Ndiyo sababu idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa, iitwayo CDC, huwashauri waliopasuliwa kifua au tumbo wangoje siku 10 kabla ya kupanda ndege. Naye aliyetiwa gesi ndani ya jicho kwa ajili ya ugonjwa wa retina haruhusiwi kupanda kabisa mpaka gesi hiyo iishe, na yaweza kukaa majuma kadhaa. Kuketi saa nyingi bila kunyosha miguu nako huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hatari ambayo upasuaji wenyewe umekwisha kuiongeza. Pande la damu likikatika na kufika mapafuni, mtu aweza kufa ghafula. Na kidonda je? Waganga huzihesabu siku 30 tangu upasuaji kuwa muda ambao kidonda chaweza kuingiwa na vijidudu. Na mtu akiwekewa kitu cha kigeni mwilini, huweza kuhesabu hata siku 90.

Wala safari haiishii uwanja wa ndege. Kutoka Mumbai mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa saa sita hivi angani; lakini akaaye Mbeya angali na zaidi ya kilomita 800 mbele yake, na wengi husafiri kwa basi, wameketi mchana kutwa. Asiyelala njiani kwa ndugu siku chache amefanya safari mbili kwa mwili usioweza hata moja.

Mambo haya hayakufichwa. India hutoa kwa njia ya intaneti viza ya matibabu ya siku 60, na nyingine ya namna hiyo kwa amsindikizaye mgonjwa. Serikali ya kigeni, isiyomjua mtu huyu wala ukoo wake, imemhesabia siku ambazo ndugu zake mwenyewe hawakumhesabia.

Kwa nini basi twasahau? Twaona sababu ni hii: huheshimu kile kionekanacho. Tiketi yaonekana, kisu cha mganga chafahamika, risiti ya hospitali yashikika mkononi. Lakini kulala ni kulala tu. Mama aliyeuza kuku wake ili atoe mchango, akisikia kwamba mgonjwa amekwisha kutoka hospitali majuma mawili yaliyopita na angali katika chumba cha kupanga huko ng'ambo, huuliza, "Sasa afanya nini huko?" Swali hilo si la ubaya. Lakini humfikia mgonjwa, na mgonjwa huona haya. Hapo huanza kusema, "Nimepona," naye hajapona. Humwambia mganga kwamba hana maumivu. Huomba tarehe ya tiketi irudishwe nyuma. Harudi kwa sababu amepata nguvu. Arudi kwa sababu ameona haya kugharimiwa. Sisi tuliompenda hata tukatoa mali zetu ndio tuliomfundisha kusema uongo juu ya mwili wake mwenyewe.

Mtu aweza kutujibu hivi: "Wagonjwa ni wengi na fedha ni chache. Fedha ya kumlaza mmoja majuma matatu ng'ambo ingaliweza kumtibu mtoto mwingine hapa kwetu. Je, ni haki?" Jibu hili lina uzito, wala hatutaki kulipuuza. Lakini litazameni vema. Kama fedha ni haki kulipia upasuaji, haiwezi kuwa si haki kulipia kupona, maana mtu hapasuliwi ili apasuliwe. Hupasuliwa ili apone. Anayenunua mbegu na kulima shamba, kisha akataa kupalilia kwa kuogopa gharama, hakuweka akiba. Amepoteza na mbegu.

Iwapo basi, baada ya kuhesabu yote kwa ukweli, fedha yatosha nauli na kisu tu, pengine lililo jema ni kutokwenda ng'ambo. Neno hili ni gumu kumwambia mtu mwenye matumaini, lakini lazima lisemwe mapema, tena na wale wampendao. Leo hali si kama ilivyokuwa zamani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hupasua moyo hapa hapa nchini. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2017. Si kila ugonjwa utibikao hapa, na wako ambao hawana budi kuvuka bahari. Lakini kabla ya kuvuka, ulizeni kwanza kwa waganga wetu. Atibiwaye karibu na kwao, akalala nyumbani kwa dada yake na kurudi kupimwa kila juma, pengine amepata matibabu yaliyo kamili kuliko aliyekwenda mbali akarudishwa mbio.

Liko na jambo la mtu wa pili, ambaye mara nyingi daftari halimtaji ila kwa nauli yake. Huyo ni mwuguzaji: mke, kaka, au binti aliyeacha kazi na watoto ili akeshe kando ya kitanda. Siku za mgonjwa ni siku zake pia. Na katika kupandikiza figo mtu wa pili ni mgonjwa kabisa, maana aliyetoa figo amepasuliwa akiwa mzima, kwa ajili ya mwenziwe. Naye apaswa kupumzika majuma kadhaa kabla ya kurudi kwenye kazi nzito. Ni aibu kumpongeza siku moja na kumpa gunia abebe siku ya pili.

Turudi kwenye swali letu. Siku za kupona ni za nani? Mgonjwa hawezi kuzitoa peke yake, kwa kuwa kila siku alalayo yeye, kazi yake yalala pamoja naye. Lazima siku hizo zitolewe na wengine. Kwa mfanyakazi wa kuajiriwa, sheria imekwisha kunena: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika muda wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zilizobaki kwa nusu, akiwa na cheti cha mganga. Mwajiri amwitaye mtu kazini kabla ya wakati hamwonei huruma akimpa siku hizo. Amlipa haki yake tu. Lakini mkulima, mvuvi na mama auzaye vitumbua hawana likizo. Likizo yao ni sisi. Na hapa hata asiye na fedha aweza kutoa mchango mkubwa kuliko wa tajiri. Wazee wetu walijua kazi ya ujima. Jirani apaliliaye shamba la mgonjwa siku mbili amempa mgonjwa siku mbili za kulala kwa moyo mtulivu. Binti achotaye maji nyumbani kwake kwa mwezi mmoja ameulinda mfupa wa kifua chake. Michango hiyo yafaa iandikwe katika daftari lile lile, kwa jina la mtoaji, kama fedha.

Kwa hiyo twawaomba wote watakaoketi katika kikao cha namna hii wafanye mambo machache. Mwulizeni mganga, kabla ya kutafuta fedha, ni siku ngapi mgonjwa atalala hospitali, ni siku ngapi atakaa karibu nayo, na lini aweza kusafiri. Kisha ongezeni siku kadhaa juu yake, maana kidonda hakisomi kalenda. Nunueni tiketi iwezayo kubadilishwa tarehe. Tafuteni mapema mganga wa hapa nchini atakayempokea, na mgonjwa arudi na barua ya upasuaji, majina ya dawa zake na picha zake zote. Waambieni wachangiaji tangu siku ya kwanza, "Kiasi hiki ni cha kupasuliwa, na kiasi hiki ni cha kupona." Watu wetu si wachoyo, huchukizwa na kudaiwa mara ya pili wasilolijua, lakini walilolijua hulitoa. Na mgonjwa naye ana wajibu wake: aseme kweli juu ya maumivu yake, asifanye siku za kupona kuwa siku za matembezi na kununua vitu madukani, na azitumie kama atumiavyo dawa.

Mwisho, twamkumbuka mgonjwa siku ya kurudi kwake. Nyumba hujaa, mikeka hutandikwa, kila mtu ataka kumshika mkono na kusikia habari za ng'ambo. Upendo huu ni mzuri, lakini mwili wake wataka usingizi. Tuingie wachache, tukae kidogo, tumwache alale. Husemwa kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Aliyetoka kupasuliwa si mgeni. Jembe lake na tulishike sisi, mpaka atakapoliomba mwenyewe.