Je, Mtoto wa Mgongoni ni Abiria?

Asubuhi pale Nyakabanda ni kawaida kumwona mama akisimamisha moto, mtoto yuko mgongoni. Motari humpa kofia ngumu, mama huifunga chini ya kidevu, wanaondoka. Vichwa ni vitatu, kofia ni mbili. Kwa miaka mingi sikuona kosa lolote.

Nchini Rwanda motari huruhusiwa abiria mmoja tu, na wote wawili lazima wavae kofia. Amri hii Kigali hufuatwa kweli. Sasa mtoto wa mgongoni ni nani? Akiwa abiria, idadi imezidi. Asipokuwa abiria, amehesabiwa kama sehemu ya kitenge cha mama yake. Sisi tumechagua jibu la pili kimyakimya, kwa kuwa ndilo linaloruhusu safari iendelee.

Mtu atasema, basi naye avalishwe kofia. Lakini shingo ya mtoto mchanga haiwezi kuubeba uzito ule, na kofia ya abiria imetengenezwa kwa kichwa cha mtu mzima. Hata mwanafunzi wa miaka sita akiivaa, inamzunguka kichwani na kumziba macho. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyokaa sawasawa. Inayopwaya humlinda zaidi motari asitozwe faini.

Usiku mmoja mtoto wa dada yangu alishikwa na homa kali. Nilimfunga mgongoni, nikasimamisha moto. Motari akasita.

"Dada, na mtoto?"

"Twende tu, kaka, anaumwa."

Nikavaa kofia. Njiani ndipo nilipoona aibu: mimi niliyeikubali hatari nimekingwa, na yule ambaye hakuulizwa yuko wazi. Hata hivyo sidhani nilikosea kwenda. Homa ile haikuwa ya kusubiri basi la asubuhi, na wajibu wa kumfikisha kwa daktari ulikuwa mzito kuliko wajibu wa kumwepusha na barabara.

Kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Mtoto alikuwa akicheza na ncha ya kitenge changu, basi zilikuwa zinapita, na hatukuwa na haraka yoyote. Motari mwingine akaniita. Nikapanda. Safari ya usiku naweza kuitetea mbele ya mwalimu yeyote wa maadili; hii ya kurudi bado sijapata hoja yake.