Santuri Iliyosahauliwa

Msomaji, je, wimbo mwema usiosikilizwa wapoteza wema wake? Mwaka 1970 Sixto Rodriguez wa Detroit, Marekani, alitoa santuri yake ya kwanza, Cold Fact. Kwao ilikosa wanunuzi, naye akashika kazi ya kubomoa nyumba. Kumbe Afrika Kusini ilipendwa mno, hata uvumi ukaenea kwamba mwimbaji amekwisha kufa! Alipowatokea mwaka 1998, kumbi zilijaa. Wapo wasemao kuwa ndipo alipokuwa mwimbaji bora. Sikubali, katika santuri ile halikuongezwa hata neno. Linalonisumbua ni jingine: miaka aliyobeba kifusi, wengine walikuwa wakiiuza, naye hana habari. Mtu aliyeinunua dukani kwa nia safi, je, ana deni kwake? Nadhani analo.