Ulimwengu Nao ni Mwalimu

Kijana wa miaka 13 akinaswa na simu ya wizi hapa Galbet, mjini Garissa, neno la kwanza mtaani ni lile lile: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama husutwa, kisha kila mtu hushika njia yake.

Methali yenyewe inataja walimu wawili. Mama, pamoja na baba, shangazi, mjomba na maalimu wa duksi (chuo cha Kurani), hufunza kabla ya kosa, na akiadhibu huadhibu kwa huruma. Ulimwengu hufunza baada ya kosa, na ada yake ni kipigo cha umati, seli, pengine kaburi. Hilo ni onyo la haki kwa mzazi. Lakini ulimwengu unaomfunza mtoto wa Galbet una watu ndani yake, na mambo waliyoyaamua.

Mtazame huyo mama. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wafugaji wengi walioishiwa walihamia kwenye mabulla, yaani vitongoji, ya mji wa Garissa. Mama aliyeshinda na wanawe malishoni sasa hutoka alfajiri kupokea maziwa ya ngamia, akayauza sokoni hadi jioni. Mwanawe anaongoza mkokoteni wa punda kuuza maji. Siku punda anapougua, mtoto hushinda kwenye vibanda vya miraa, na huko hakosi wa kumtuma. Mmoja humpa shilingi 50 apeleke kifurushi asichokijua. Mwingine humpa gundi anuse asisikie njaa.

Na shule? Januari 2020 walimu 3 waliuawa Kamuthe, kaunti hii hii, na tume ya walimu, TSC, ikawahamisha wengi wasio wenyeji kwa kuhofia usalama wao. Madarasa yakabaki na watoto bila wa kuwafundisha. Miaka mingi kabla ya hapo, Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 wa serikali ya Kenya ulikwishaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, Kaskazini Mashariki ikasahaulika. Na sheria? Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Ni jambo jema, ila humfaa mtoto aliyekwisha kukamatwa.

Wapo watakaosema wengi walikulia dhiki hiyo hiyo na hawakugusa cha mtu. Kweli kabisa, na umaskini haumpi yeyote ruhusa ya kuiba. Ila waulize hao walioepuka, aghalabu watakutajia mtu: mjomba aliyelipa karo, maalimu aliyebisha hodi nyumbani mtoto alipokosa duksi. Huo nao ni ulimwengu, na ulifunza vyema.

Basi wazee wetu, maimamu, wenye maduka, nanyi mnaopitisha bajeti ya kaunti: yule mvulana wa mkokoteni anawaletea maji kila siku. Mwulizeni leo kwa nini hayuko darasani, na jibu lake mlishughulikie.