Hukumu ya Ulimi: Pombe ya Nafaka na Swali la Ukweli wa Ladha

Sekenke, iliyoko wilayani Iramba katika Mkoa wa Singida, inajulikana katika historia kwa dhahabu iliyoanza kuchimbwa enzi ya Wajerumani, na ambayo mwaka 1916 ilitumika kutengenezea sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Ubora wa sarafu hizo haukuhitaji mabishano, kwa kuwa moto na mizani vilitosha kuthibitisha kwamba robo tatu ya uzito wake ni dhahabu safi. Pombe ya mtama, ambayo mkoani humo huitwa mtukuru, haina kipimo cha namna hiyo. Anayeionja na kutamka kwamba imeiva, au kwamba imeharibika, huhukumu kwa pua na ulimi tu, na hapo huzuka swali iwapo hukumu yake inaweza kuwa kweli au kosa, au ni tangazo tu la kile anachokipenda.

Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alitumia kisa cha waonjaji wawili wa mvinyo kutoka riwaya ya Don Quixote: mmoja alidai kuna ladha ya ngozi, mwingine ya chuma, wakachekwa wote wawili, mpaka pipa lilipomwagwa ukaonekana ufunguo uliofungwa ukanda wa ngozi. Kisa hicho kinathibitisha kwamba ulimi unaweza kutambua kilichomo, lakini hakithibitishi kwamba kilichomo ni kizuri au kibaya, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima.

Bia za Ubelgiji zinaiweka wazi. Bia ya ngano ya Hoegaarden, ambayo Pierre Celis aliifufua mwaka 1966 kwa ngano isiyooteshwa, giligilani na maganda ya chungwa, hunukia karafuu ingawa haina karafuu ndani yake. Harufu hiyo huzalishwa na hamira yenyewe. Katika bia hiyo ni sifa, ilhali katika bia ya kawaida ya chupa, iliyo angavu na nyepesi, mwonjaji yuleyule huiandika kuwa dosari. Vivyo hivyo bia za mashambani za jimbo la Hainaut, zilizopikwa kwa ajili ya vibarua wa mavuno, huweza kuwa kavu na kali kidogo bila kupungukiwa na ubora. Kwa hiyo hakuna harufu iliyo njema au mbaya peke yake: wema wake hutegemea kitu hicho ni cha aina gani na kilipikwa kwa kazi gani.

Mtukuru unastahili kipimo hichohicho. Mtama hulowekwa, huoteshwa hadi uwe kimea, hukaushwa juani na kusagwa, kisha unga wake hutiwa katika uji uliopoa, ambamo bakteria huanza kuleta uchachu laini kama wa maziwa mgando kabla hamira haijazalisha kilevi. Mpishi, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, hutofautisha uchachu huo na ule wa siki, unaochoma pua na kuashiria kwamba pombe imepita wakati wake. Mwamuzi aliyefundishwa kutumia karatasi ya alama 50 inayotumika Marekani, ambayo hutenga alama 20 kwa ladha, 12 kwa harufu na 3 kwa sura, akiuadhibu mtukuru kwa kuwa mzito na wenye machicha, atakuwa amekosea, si kwa sababu ulimi wake ni dhaifu, bali kwa sababu ameuhukumu kana kwamba ni bia nyingine iliyoharibika.

Pingamizi moja ni zito. Ikiwa kila kinywaji kinahukumiwa kwa aina yake, mpishi mzembe anaweza kudai kwamba pombe yake iliyooza ni aina mpya. Jibu ni kwamba aina haiundwi na mtu mmoja. Inatunzwa na jamii ya wapishi na wanywaji ambao kwa vizazi wamekubaliana kipi kimwagwe na kipi kitiwe katika kibuyu, na ambao hubishana wao kwa wao kwa sababu wanaamini kuna jambo la kukosea. Mgeni anaweza kuingia katika ubishi huo, ila kwa kuonja msimu baada ya msimu akiwa karibu na wapishi. Hata Muislamu au Mlokole asiyetia pombe kinywani anabaki na sehemu ya ujuzi huo, kwani kimea kilichoota vyema hujulikana kwa harufu na utamu wake kabla kilevi hakijazaliwa.