Tunapumzika Kwenye Shamba la Nani?



Likizo ya Desemba inakaribia, na kwenye kundi letu la WhatsApp habari ni moja tu: kambi. Wengine wanataka Ziwa Ngosi kule Rungwe, wengine Kitulo. Bei ya kukodi mahema imeshaulizwa, spika imeshapata mwenyewe. Katikati ya meseji hizo dada mmoja aliuliza: hivi ni sawa sisi kwenda kupumzika mahali ambapo wenzetu wako kwenye kazi ngumu kuliko zote za mwaka? Watu wakapita kama hawajaliona. Mazungumzo yakarudi kwenye nauli.

Mimi naona swali lile linastahili jibu, tena kabla hatujachanga.

Kwa asiyepajua Kitulo: ni uwanda wa juu, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, upande wa Makete na Mbeya. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kilichofanya utengwe si simba wala tembo, ni maua. Okidi peke yake zipo aina zaidi ya 40. Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona 57, unafika juu masikio yameziba na baridi imeshaingia kwenye mifupa, halafu mbele yako ni maua mpaka macho yanapoishia. Kusema kweli, hata mtu asiyesali hunyamaza kidogo.

Sasa maua hayo huchanua lini? Wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Na mvua hiyohiyo ndiyo inayolimiwa viazi. Kwa hiyo siku tunazoziita likizo, jirani wa hifadhi anapanda, anapalilia, anainulia udongo matuta, anabeba bomba la dawa mgongoni kwa sababu ugonjwa wa ukungu haumsubiri mtu amalize Noeli. Mzuri wa kwetu na mgumu wa kwake ni mwezi mmoja.

Tena kuna hili. Kabla ya hifadhi, watu wa maeneo yale walichimba viazi vya okidi na kuviuza, vingi vikivuka mpaka kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Leo ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na mimi nakubaliana na katazo, maana ukishang'oa kile kiazi, ua lile ndiyo basi. Lakini tuseme ukweli wote: uzuri tunaoulipia kiingilio, kuna mtu mwingine aliulipia kabla yetu, kwa kuacha kitu kilichokuwa kinamsaidia kununua daftari na sabuni.

Basi tusiende? Najua wapo watakaosema hivyo: hizo hela wapewe maskini, sisi tubaki tukasali. Inapendeza masikioni. Ila Bwana Yesu mwenyewe, mitume waliporudi wamechoka, aliwaita waende kando wakapumzike, wakapanda mashua na kuvuka ziwa (Marko 6). Hakuwaomba radhi watu kwa sababu ya kupumzika. Pumziko si wizi. Tena yule mama anayepanga viazi kwenye ndoo pembeni ya barabara hafaidiki chochote tukibaki nyumbani tunamhurumia. Anataka mteja.

Kwa hiyo ruhusa ya kupumzika ipo. Ninalouliza ni nani aliyehesabiwa ndani ya pumziko hilo.

Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Mungu anapoagiza Sabato hasemi tu "wewe upumzike". Anataja watu kwa zamu: mwana, binti, mtumishi, mjakazi, mpaka ng'ombe na punda, mpaka mgeni aliye ndani ya malango. Na anasema sababu: mtumishi apate kupumzika kama wewe. Nenda sura ya 16, Sikukuu ya Vibanda. Ile ndiyo kambi yenyewe, siku saba, na kwenye Walawi imeandikwa watu wakae kwenye vibanda vya matawi. Wanaopiga kambi ni nani? Ni wakulima! Wameshakusanya mavuno, nafaka iko ndani, divai imeshakamuliwa, ndipo wanaambiwa washerehekee. Na pembeni yao yule mtumishi, mgeni, yatima na mjane.

Linganisha na kambi zetu. Kwetu mkulima ni sehemu ya mandhari. Tunampiga picha mama mwenye mzigo wa kuni kichwani bila hata kumsalimia "kamwene", tunaiweka status, tunaandika "amani". Amani ya nani? Yeye shingo inamuuma.

Nabii Amosi, sura ya 8, anawasema wafanyabiashara wanaoshika Sabato huku moyoni wanauliza itaisha saa ngapi, ili warudi kuuza kwa vipimo vya uongo. Duka wamefunga, lakini vichwani bado wanapunja. Vijana wa Nyanda za Juu, mnajua ninakoelekea: lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnajua linavyojazwa shambani, likafungwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, kisha likalipwa kama gunia moja. Mkulima amelimia kilemba kile bure. Na sisi, tukiwa njiani kurudi kutoka kambini, mioyo mepesi, rozari shingoni, tunasimamisha gari pale barabarani na kumbana yule mama atuongezee, atuongezee tena, ndoo iwe na mlima, kisha tunashusha bei kwa sababu tunajua jua linazama na hataki kubeba mzigo kurudi nao. Tunaita kubageini. Kwa maoni yangu, kama kuna mahali kambi yetu inapimwa mbele ya Mungu, ni kwenye ndoo ile kuliko kwenye ibada ya moto wa kambi, hata tukiimba vizuri namna gani.

Sisemi bei isijadiliwe. Soko ni soko, na yule mama naye anajua kupandisha. Nasema ndoo iwe ndoo.

Rudini kwa Marko 6, maana habari haikuishia kwenye mashua. Walipofika ng'ambo walikuta umati umeshawatangulia, na lile pumziko likaishia hapo. Mitume walitaka watu watawanywe wakajinunulie chakula, wazo la kawaida kabisa, hata mimi ningelitoa. Yesu akawaketisha wote kwenye majani mabichi, akawalisha. Mahali walipopanga kupumzika wachache, wakapumzika wengi.

Kwa hiyo pendekezo langu, na najua litanigombanisha na baadhi yenu: kambi isiwe Desemba, iwe Juni. Wakati huo viazi vya masika vingi vimeshatoka ardhini, watu wana nafasi, na shule zina likizo. Tuzungumze mapema na vijana wa kigango cha jirani na hifadhi ili tupige kambi pamoja nao, wao wakiwa wenyeji wetu na sisi wageni wao, mchango wao uwe viazi na wetu uwe mchele na nauli. Wengi wao hawajawahi kuingia hifadhini kutembea tu. Wanaipita pembeni na jembe begani.

Mtaniambia maua yatakuwa yameisha. Ndiyo, mengi yatakuwa yameisha. Na baridi ya Juni kule si ya mchezo, alfajiri umande unaganda mpaka hema linakakamaa. Tutakuwa tumetoa picha nzuri za mwaka mzima tupate kukaa na watu. Kwangu hiyo bei inalipika, ila sitaki kuwalazimisha, na wanaotaka maua wana haki ya kubisha. Tukutane Jumapili baada ya misa ya pili tupige kura. Aliyeahidi spika aje pia, tuna la kuongea naye.